Siku Kumi na Nne za Kuuliza Kwa Nini

Kuna kampuni hapa Kenya zimewahi kupoteza tenda kwa sababu ya namba za kurasa. Si bei, si ubora wa kazi, si leseni. Namba za kurasa. Kifungu cha 74 cha sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 kinataka kila anayeomba zabuni azipe karatasi zake namba zinazofuatana, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiruka moja, au ukisahau nyuma ya karatasi iliyotolewa kopi pande mbili, kamati ya kutathmini inaweza kukuweka kando hapo hapo. Bei yako haiangaliwi tena. Labda ulikuwa na bei ya chini kuliko wote, lakini hilo hatutalijua.

Ukisikia mara ya kwanza unacheka. Halafu unafikiria kidogo na unaona sheria ina akili yake. Ukurasa usio na namba unaweza kuchomolewa zabuni zikishafunguliwa. Unaweza pia kuingizwa, cheti kilichokosekana Jumatatu kikaonekana Alhamisi. Nchi yetu hii tunaijua. Aliyeandika kifungu hicho naye aliijua.

Kinachonivuta kwenye hadithi hii ni kwamba aliyetupwa nje leo ana mahali pa kwenda kuuliza kwa nini, na mahali hapo hapakuwepo kabla ya mwaka 2001. Kama una miaka ishirini na kitu, wewe na haki hiyo mmekua pamoja. Na kama rika lako lote, haki yenyewe imekulia kwenye stress.

Naandika nikiwa Kikima, juu kwenye milima ya Mbooni, Kaunti ya Makueni. (Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba kuna sehemu ya Ukambani watu wanavaa sweta hadi saa tano, anadhani unamdanganya.) Hapa sokoni, ukitoa kilimo, biashara ndogondogo na mshahara wa mwalimu, pesa kubwa inayopita ni ya tenda. Barabara ya murram, darasa, tangi la maji, madawati. Kila mtu anamjua mtu aliyepata. Kila mtu anamjua mtu aliyekosa, na aliyekosa huwa na nadharia.

Binamu yangu ni mmoja wa hao. Ana karakana ya useremala, ana cheti cha AGPO, ule mpango uliozinduliwa mwaka 2013 wa kutengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa serikali. Aliomba kutengeneza madawati kwa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Wiki zikapita. Alipoenda kuuliza, karani alimjibu kwa upole kabisa, "Madam, tulituma imeli. Angalia spam." Ilikuwa kwenye spam kweli. Barua ilisema zabuni yake haikutimiza masharti ya lazima, na ukurasa fulani haukuwa na namba. Tarehe ya barua ilikuwa ya siku tisa nyuma.

Sheria inampa mtu kama yeye siku 14 za kupeleka malalamiko Nairobi, kwa bodi inayosikiliza kesi za zabuni, ile inayojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, PPARB. Kwa hiyo alibakiwa na tano, mbili kati yake Jumamosi na Jumapili. Alipiga hesabu ya nauli, ada ya kufungua kesi na wakili, akaona zinaelekea kumeza faida yote ya madawati. Akarudi karakana. Nilikasirika kuliko yeye, na hasira yangu nikaipeleka mahali ambapo naipelekaga siku hizi tangu niachane na chuo, yaani kusoma. Maamuzi ya hiyo bodi yako wazi mtandaoni. Bando tu.

Tuanze mbali kidogo.

Kabla ya tenda, kazi ya umma milimani hapa ilikuwa mwethya. Watu wa utui mmoja wanakusanyika na majembe, wanafanya shamba la huyu leo, la yule kesho, na baadaye mitaro, barabara na mabwawa ya mchanga. Hakukuwa na mzabuni, kwa hiyo hakukuwa na wa kuondolewa. Ugomvi ukitokea, nzama ya wazee iliketi na kila mtu akasema lake mbele ya wote. Sisemi ilikuwa paradiso. Serikali ya kikoloni ilichukua desturi hiyo hiyo ya kushirikiana ikaigeuza kuwa kazi ya shuruti ya kuchimba matuta. Lakini wazo kwamba uamuzi unaohusu jasho lako unatolewa ukiwepo, na unaelezwa kwa mdomo, hilo lilikuwa la kawaida.

Koloni lenyewe lilinunua vitu vyake kwa njia nyingine. Mahitaji makubwa ya serikali yalipitia London, kwa mawakala walioitwa Crown Agents, ambao kazi yao ilikuwa kununulia makoloni kila kitu kuanzia reli hadi wino. Mtu wa Mbooni hakuwa kwenye orodha ya wauzaji, wala wa wanunuzi, wala wa wanaojibiwa.

Mwaka 1938 serikali ilipoanza kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ng'ombe wakinadiwa kwa bei ya kutupa wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kimejengwa pale Athi River kikisubiri, Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor. Walitaka gavana awaambie kwa nini. Serikali ililegeza sera ile, ikamkamata Mbingu, ikampeleka kizuizini Lamu. Hiyo haikuwa kesi ya zabuni, najua. Naitaja kwa sababu ndiyo safari ya kwanza kubwa ya watu wetu kwenda Nairobi kudai sababu ya uamuzi wa ununuzi na uuzaji, na kwa sababu jibu lilikuja likiwa na pingu.

Uhuru ulipokuja, ununuzi wa serikali ulibaki kuwa jambo la ndani ya serikali. Kulikuwa na bodi za zabuni, na kuanzia 1978 kulikuwa na kitabu cha mwongozo wa ugavi pamoja na nyaraka za Hazina zilizokuwa zikitumwa maofisini. Angalia neno hilo, mwongozo. Si sheria ya Bunge. Mwongozo unamwambia mfanyakazi wa serikali afanye nini, haumpi raia nguvu ya kumshtaki asipofanya. Zabuni yako ikitupwa mwaka 1985 ungeweza kuandika barua. Ungeweza kumtafuta mtu anayemjua mtu. Wengi walichagua hilo la pili, na ndivyo nchi nzima ilivyojifunza kwamba tenda ni ya wenyewe.

Mambo yalianza kubadilika si kwa sababu mtu aliamka na roho nzuri. Mwaka 1997 Shirika la Fedha Duniani lilisimamisha mikopo kwa Kenya kwa sababu ya ufisadi, na katika miaka iliyofuata ununuzi wa umma ukawa moja ya vitu ambavyo wafadhili walitaka vinyooshwe. Tayari Umoja wa Mataifa, kupitia kamisheni yake ya sheria za biashara, ulikuwa umechapisha mwaka 1994 mfano wa sheria ya ununuzi ambao nchi yoyote ingeweza kuuiga, na ndani yake kulikuwa na sura nzima kuhusu haki ya aliyekosa zabuni kuomba uamuzi ukaguliwe. Machi 2001 Kenya ikatoa kanuni zake chini ya sheria ya zamani ya fedha na ukaguzi. Kanuni hizo ndizo zilizounda bodi ya kwanza ya malalamiko. Kwa mara ya kwanza, mtu aliyeambiwa zabuni yako haifai angeweza kusimama mbele ya watu wasiokuwa bosi wa aliyemtupa.

Bodi ikiwa bado changa, Anglo Leasing ikalipuka. Wengi wetu tulikuwa wadogo au hatujazaliwa, kwa hiyo kwa kifupi: serikali ilitaka mfumo mpya wa pasipoti. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya yuro milioni 6. Kazi ikapewa Anglo Leasing, kampuni ya makaratasi, kwa yuro milioni 30. Baadaye ikabainika kulikuwa na kandarasi 18 za namna hiyo, nyingi zikifichwa kwa jina la usalama wa taifa, na John Githongo, aliyekuwa amepewa kazi ya kupambana na ufisadi, akakimbilia Uingereza mwaka 2005. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria kamili ya ununuzi, iliyoanza kutumika Januari 2007. Ukiisoma leo unaona jinsi ilivyoandikwa na watu waliokuwa wameumwa na nyoka.

Lakini hata hiyo ilikuwa na mlango uliofungwa kwa ndani. Kifungu cha 36 kilisema ofisi ya umma ikisitisha zabuni katikati, uamuzi huo hauwezi kuangaliwa na bodi wala mahakama. Ujanja wake uko wazi: hutaki fulani ashinde, unafuta mchakato wote, unaanza upya. Mwaka 2008 kampuni ya Kiitaliano ya Selex, iliyokuwa inashindania kazi ya rada za mamlaka ya usafiri wa ndege, ilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu. Jaji Nyamu alikataa kuamini kwamba Bunge linaweza kuandika sentensi moja ikamfukuza jaji nje ya chumba. Mahakama ikasema itaangalia. Ni uamuzi mrefu na mkavu, lakini wale wa baadaye wanaurudia rudia kama mbegu.

Miaka miwili baadaye ikaja Katiba. Ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, Waziri wa Haki alikuwa Mutula Kilonzo, na Mutula alikuwa mbunge wa hapa Mbooni. Kikima tunapenda kukumbushana hilo. Ibara ya 227 inasema ununuzi wa umma lazima uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na usiopoteza pesa, na inaruhusu kutengea nafasi makundi yaliyoachwa nyuma, mlango ambao AGPO ilipitia. Ibara ya 47 inampa kila mtu aliyeumizwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukiweka hizo mbili pamoja, kile alichokuwa anakitaka Mbingu kule Kariokor kimeandikwa kwenye sheria kuu ya nchi.

Sasa, haki iliyoandikwa ni kitu kimoja. Kilichotokea muda mfupi kabla ya uchaguzi wa 2013 kinaonyesha bei yake.

Tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza zabuni ya vifaa vya kielektroniki vya kumtambua mpiga kura, vile vya kuweka kidole kwenye mlango wa kituo. Ilishinda Face Technologies ya Afrika Kusini. Walioshindwa, wakiwemo Avante ya Marekani na Lantech, walikwenda bodini. Bodi ikasikiliza, ikaona kasoro katika jinsi zabuni ilivyoshughulikiwa. Kwa kawaida kasoro za namna hiyo humaliza zabuni. Lakini uchaguzi ulikuwa mlangoni, tarehe 4 Machi, na bodi ikasema maslahi ya umma yanataka kazi iendelee. Mahakama Kuu nayo haikuizuia.

Nimejaribu kujiweka kwenye viatu vya wale wajumbe wa bodi. Mbele yako kuna kampuni zinazolalamika, na pengine zina haki. Nyuma yako kuna nchi ambayo miaka mitano tu iliyopita ilichomeka baada ya uchaguzi. Ukifuta tenda, hakuna muda wa kuanza upya. Ukiiacha, unaambia kila ofisi ya ununuzi nchini kwamba ukichelewa vya kutosha, makosa yako yatasamehewa. Sidhani ningekuwa na ujasiri wa kufuta. Na bado nadhani walikosea.

Siku ya kupiga kura tuliona wenyewe. Vifaa vingi vilikufa. Betri ziliisha katika madarasa yasiyo na umeme, maafisa wengine hawakuwa na nywila, na vituo vingi vikarudia daftari la karatasi. Mwisho wa Machi, Mahakama ya Juu ilipotupilia mbali ombi la Raila Odinga, ilitaja pia mvutano katika ununuzi wa teknolojia hiyo na kupendekeza uchunguzwe. Haiwezekani kuthibitisha kwamba mzabuni mwingine angefanya vizuri zaidi, na sitajifanya ninajua. Ila maslahi ya umma yalikuwa yametajwa kama sababu ya kutojibu swali la aliyeshindwa, na siku ile umma ulisimama kwenye foleni.

Nadhani hapo ndipo hadithi yote iligeukia kwenye saa. Sheria mpya ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, ina siku kila mahali. Una siku 14 za kulalamika. Bodi ina 21 za kuamua. Usiporidhika una 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina 45. Kisha 7 za kwenda Mahakama ya Rufaa, ambayo pia ina 45. Ombi likishaingia bodini, mkataba haupaswi kutiwa saini. Mantiki yake naikubali: darasa haliwezi kusubiri miaka mitatu mahakamani wakati watoto wa darasa la nne wanasomea chini ya mti. Na si wanasheria tu wanaobanwa. Mwaka 2021, katika kesi ya Aprim Consultants dhidi ya Tume ya Huduma za Bunge, Mahakama ya Rufaa ilisema hukumu ya Mahakama Kuu iliyotolewa baada ya siku 45 ni kama haikuwahi kutolewa. Hata jaji akichelewa, basi.

Ila saa haimhesabii kila mtu sawa. Kampuni yenye wakili wa kudumu Upper Hill inapokea barua asubuhi, jioni rasimu ya malalamiko iko tayari. Mtu wa Kikima anateremka mlima na matatu ya alfajiri hadi Machakos, anapanda nyingine hadi Nairobi, halafu ndipo anaanza kuuliza ofisi iko wapi. Na siku zikipita, mkataba ukishasainiwa kwa njia halali, bodi inakosa mamlaka kabisa. Unaweza kuwa na haki yote ya dunia. Mlango umefungwa.

Kuna kesi moja nayoirudia sana kwa sababu inaumiza. Wakandarasi wawili wadogo walikuwa wameomba zabuni kwa Mamlaka ya Bandari, Mombasa. Hawakupata. Wakaenda bodini, bodi ikawasikiliza. Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi wa bodi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa, katika kesi inayoitwa Oyondi dhidi ya Elroba, ikakubaliana na Mahakama Kuu. Kosa lao? Katika malalamiko yao hawakueleza kwamba wamepata hasara au wako hatarini kupata hasara. Kifungu cha 167 kinasema mlalamishi ni yule anayedai hasara, na wao hawakudai. Kwa mtu wa kawaida ni kichekesho. Nimekosa tenda, si hasara inaonekana? Mahakama inajibu: sema. Haitakusemea.

Unaona inavyorudi kwenye namba za kurasa. Aliyeondolewa kwa kuacha kitu kwenye fomu anaweza kushindwa tena kwa kuacha kitu kwenye fomu ya kulalamikia fomu.

Kusema ukweli, sheria inajaribu kuacha nafasi ya kupumua. Kifungu cha 79 kinasema mapungufu madogo yasiyobadilisha kiini cha masharti hayaifanyi zabuni kuwa batili, wala makosa yanayoweza kurekebishwa bila kugusa kiini. Basi ukurasa usio na namba ni dogo au ni kubwa? Hapo ndipo mawakili wanapokula. Mahakama Kuu, katika kesi kama ile ya BABS Security ya 2018, imeshikilia kwamba masharti ya lazima ni ya lazima: wote waliambiwa kitu kimoja, na ukimsamehe mmoja umewaibia waliojisumbua kutimiza. Na kabla ya hapo, mwaka 2012, katika kesi ya pampu za Kenya Pipeline iliyoletwa na kampuni ya Hyosung Ebara, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeonya majaji wasijifanye wahandisi. Bodi ina wataalamu, wao waangalie kama utaratibu ulifuatwa.

Kabla sijaanza kusoma nilikuwa upande wa msamaha moja kwa moja. Siku hizi nasitasita. Nikimfikiria binamu yangu, nataka kamati iangalie madawati na kuacha ukurasa. Nikimfikiria fundi mwingine aliyekesha saiba akipiga namba kurasa zote mia na kitu, halafu akashindwa na mwenye rafiki ndani ya kamati aliyesamehewa "kosa dogo", nataka sheria iwe jiwe. Msamaha wa kamati huenda kwa anayejulikana, na sisi wa huku hatujulikani. Lakini jiwe hilo nalo lina namna yake ya kuangukia upande mmoja.

Kwa mfano. Ukiteremka kutoka milima hii hadi barabara ya Mombasa, utakutana na reli ya SGR ikipita Emali, Kibwezi na Mtito Andei, zote Makueni. Kutoka Mombasa hadi Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327. Kazi ilipewa China Road and Bridge Corporation bila zabuni ya ushindani. Okiya Omtatah na Chama cha Mawakili walienda mahakamani mwaka 2014. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria ya ununuzi ilivunjwa, wakati huo treni inapiga honi kila siku. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikatengua hilo: ulikuwa mpango kati ya serikali na serikali, na sheria ya ununuzi inauacha nje. Sibishani na tafsiri ya majaji, sheria kweli ina kifungu hicho. Naona tu kwamba kwenye mradi mkubwa kuliko wote uliowahi kupita kaunti hii, hakuna mzabuni aliyeondolewa kwa kukosa namba kwenye ukurasa. Hakuna aliyealikwa.

Makueni ilijaribu kwenda njia tofauti. Kivutha Kibwana, profesa wa sheria aliyekuwa gavana kuanzia 2013 hadi 2022, alisukuma kamati za wananchi zinazosimamia miradi, ambazo zinapaswa kuridhika kabla mwanakandarasi hajalipwa. Kaunti pia ikaweka tovuti ya mikataba ya wazi, unaweza kuona mradi fulani umepewa nani na kwa pesa ngapi. Ni kitu kizuri na wageni wanakuja kujifunza. Lakini hiyo ni macho kwa aliyeshinda. Aliyetupwa bado anategemea barua. Mwaka 2025 serikali ya kitaifa iliamuru ununuzi wote uhamie kwenye mfumo mmoja wa kidijitali, magavana wakapinga, na kama kila kitu katika hadithi hii jambo likafika mahakamani.

Kwa hiyo kama una cheti chako cha AGPO na unasubiri jibu mahali, angalia spam kila siku. Barua ikija, andika tarehe uliyoipata na ihifadhi bahasha, au picha ya skrini. Kifungu cha 87 kinawalazimu kukutajia aliyeshinda na sababu ya wewe kukosa. Wasipotaja, waulize kwa maandishi siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu. Ukiamua kwenda bodini, mtaje afisa mhasibu wa ofisi hiyo kama mshtakiwa, kwa sababu kuna waliofukuzwa kwa kumsahau. Na popote utakapoandika kwamba ulionewa, andika pia, kwa maneno hayo hayo, kwamba umepata hasara.